Wekundu Umehama Faili Yako

Bungoma,
Jumamosi.

Kwako kaka yangu mpendwa Kipkosgei,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kitale, wewe na Mama, na kwamba mahindi yamekauka vizuri. Je, mguu wa Mama unaendeleaje? Simu zangu huzipokei siku hizi, ndiyo maana nimeshika karatasi. Mimi ni mzima, tena leo nina furaha tele. Nimeipata ile hitilafu! Ile iliyokufukuzisha kazi!

Unakumbuka kila tulipojaribu kuunda programu ya mizani ilikwama, na kihariri, ile programu tunayoandikia msimbo, kikachora wekundu wa kuonyesha kosa kwenye mstari wa arobaini na nane wa faili yako. Uliusoma mstari huo hadi macho yakakuuma, ukaapa hauna kosa. Meneja Nderitu akasema ati kompyuta haina sababu ya kumsingizia mtu, akakurudisha nyumbani.

Sasa sikia, bana! Wiki hii niliacha kuangalia wekundu, nikasoma ujumbe wenyewe wa hitilafu. Ujumbe huo ulitaja jina la faili na mstari, basi. Na si tulikuwa na faili mbili za jina hilo hilo, moja kwenye folda yako ya Kitale, nyingine kwenye folda ya Bungoma! Kihariri kilikuwa kinafungua ile ya kwanza kuonekana, yako. Nikabadilisha mipangilio ili ujumbe utaje, na kihariri kisome, folda, faili, mstari, hadi herufi yenyewe. Nikaunda programu tena. Weee! Wekundu ukatoka kwako, ukaenda kukaa chini ya neno moja tu kwenye folda ya Bungoma. Nilipiga kelele hadi Judy wa mapokezi akaja mbio kuuliza kama nimeumwa na nyuki.

Kaka, folda ya Bungoma ni yangu. Neno lile nililiandika mimi. Na kuna baya zaidi: Meneja aliponiita pembeni kuniuliza kuhusu kazi yangu, nilimwambia nimeikagua yote. Sikuwa nimeikagua. Nilikuona ukifunga begi lako, nikanyamaza kwa uoga. Nisamehe.

Leo asubuhi nimemwonyesha Meneja kila kitu, na uongo wangu nimemwambia. Amesema urudi kazini Jumatatu. Kuhusu mimi, amesema wewe ndiye utakayeamua kama nitabaki.

Nisalimie Mama na wote wa nyumbani. Lolote utakaloamua, Jumatatu utanikuta mlangoni.

Ni mimi dada yako,
Jerono