Maua Niliyoyavua Mbele ya Watu

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, maana najua barua hii utasomewa na Espe, na mdogo wangu huyo akisoma huruka mistari. Espe, usiruke. Goti lako linaendeleaje, mama? Mvua zimefika hapo kambini, au bado foleni ya maji ni ndefu? Sisi huku Marekani, hapa Louisville, tu wazima. Mjukuu wako Neema amenifika begani kwa urefu, ila Kiswahili chake kinapungua kila siku. Namsemesha, ananijibu Kiingereza.

Najua swali unalosubiri nilijibu. Mwaka wa pili unakwisha tangu tufiwe na baba, na hatujaganduka, yaani matanga hayajaanuliwa, kwa sababu yangu. Kaka Emmanuel kule Columbus alishasema mmalize bila sisi. Ni mimi niliyekaza shingo: kwamba sikumzika baba, basi siku ya kumaliza msiba wake lazima niwepo, na mningoje hadi karatasi zangu za safari zitoke. Hazijatoka. Na msiba usipokwisha harusi hakuna, Espe na mchumba wake wamebaki kutazamana. Uliniuliza kwa upole, nikakujibu kwa ukali. Nisamehe.

Sasa sikiliza yaliyonikuta Jumamosi.

Mwenye mkahawa ninakoosha vikombe ni mtu wa Hawaii, vile visiwa vya Marekani vilivyo mbali katikati ya bahari. Mara moja kwa mwaka anapanga meza nje, watu wa kwao wanaoishi huku wanakuja, na majirani wote wanakaribishwa. Wanapika nguruwe na wali, wanapiga gita ndogo za nyuzi nne, wanacheza. Ngoma yao ungeicheka, mama. Sisi tunainua mikono kama pembe za ng'ombe na kukanyaga mpaka vumbi litimke. Wao miguu inakwenda polepole, kazi yote inafanywa na mikono. Na wanalima kahawa! Bosi alinionyesha picha ya shamba la babu yake, nikadhani ni kwetu Ngozi.

Nilikuwa napita na trei ya vikombe. Mama mmoja mzee, ambaye kila mtu pale humwita shangazi hata kama si ndugu yake, akanivika shingoni shada la maua meupe. Nikatua trei, nikalivua palepale, nikamrudishia mkononi. Sikufikiri hata kidogo. Kwetu mwenye msiba hajipambi, na shada la maua ninalolijua mimi ni la kuweka juu ya kaburi. Uso wa yule mama ulisinyaa, akabaki ameyashika maua yake.

Furaha, dada Mkongo ninayefanya naye kazi, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akanivuta kando.

"Yaya, umefanya nini? Kwabo ukikatala maua, umekatala mutu. Bon, enda umuombe pardon."

Nikaenda. Kiingereza changu unakijua, ni cha jikoni tu, kwa hiyo nikamwita Neema, niliyekuja naye, anitafsirie. Nikaeleza yote: baba, kambi, matanga, karatasi, harusi. Neema alitafsiri vizuri mpaka alipofika kwenye harusi, akasita. Akanigeukia, na kwa Kiswahili, bila kulazimishwa na mtu, akaniuliza: "Mama, kwa hiyo anti Espe haolewi sababu yako?"

Nilitaka kumkemea. Badala yake nililia, mama, na aproni yangu kiunoni, mbele ya wateja. Siku zote hizi nimekuwa nikijiambia kwamba nangoja kwa ajili ya baba. Uongo mtupu. Baba yule aliyekuwa akituambia tule, yeye atakula akirudi, angemngojesha nani? Niliogopa tu kwamba mkimaliza bila mimi, nitakuwa nimeshakuwa mgeni kwenu.

Yule shangazi hakunihubiria. Alisema hata kwao aliyefiwa huvishwa maua, ila yasitupwe pamoja na takataka, yarudishwe ardhini. Akaniuliza baba yangu alikuwa mtu wa kazi gani. Nikamwambia, mkulima wa kahawa, kabla ya kukimbia nchi yetu. Akatazama dirisha la mkahawa, na mimi nikatazama. Pale kuna mche mmoja wa kahawa ndani ya chungu, wa kupendeza macho tu, haujazaa hata siku moja. Ni mimi ninayeumwagilia.

Nilivaa maua yale mpaka saa ya kufunga. Kisha nikayalaza juu ya udongo wa ule mche, nikamwambia baba yale niliyopaswa kumwambia siku mliyomzika. Bosi aliona, akasema yasiguswe. Leo asubuhi yalikuwa yameanza kukauka, nikaongeza maji.

Gandukeni, mama. Msiningoje. Baba mdogo aongoze sala, na Espe apange siku ya harusi kabla hajazeeka na huyo kijana. Naomba jambo moja tu: siku zote mbili mniwashie simu, mniweke mahali ninapoona watu, msinikate mpaka mwisho.

Nisalimie baba mdogo, na jirani yetu anayekuchotea maji, Mungu amlipe. Msalimie mchumba wa Espe, mwambie shemeji yake hamzuii tena. Binamu yetu wa Lackawanna, karibu na Buffalo, anakusalimu; amepata kazi kiwandani na bado anagombana na theluji.

Nilisahau kukwambia: Jumamosi, kabla hatujakunja meza, shangazi alinifundisha ngoma yao. Nilicheza kidogo, kwa mikono. Miguu naiwekea harusi ya Espe.

Mwanao mkubwa,
Consolata