Gari Lenye Pua Juu ya Kichwa

Dekow, ndugu yangu,

Gereji haijauzwa. Naanza na hilo kwa sababu kazi yangu ya habari imenizoesha kutanguliza jambo kubwa, na kwa sababu najua ungeniuliza hilo kabla ya kuitikia salamu. Binti yako Hodan yumo ndani sasa hivi. Amevaa koti lako la kazi juu ya dira, na anamfokea dereva wa lori la mifugo aliyemwaga maji baridi kwenye rejeta iliyochemka. Sauti ni yako kabisa. Dereva ameinamisha kichwa.

Wewe uliondoka bila kujua kama neno lako litashikwa. Ndiyo maana nakuandikia, kwa Kiswahili, lugha tuliyokuwa tukikutana ndani yake: changu cha Hola, na chako kilichoita pikipiki bikibiki hadi mwisho.

Siku ile mdogo wako Ibrahim alipokurudisha kutoka hospitali ya Nairobi, madaktari wakiwa wamemaliza lao, ulituita tukae karibu na kitanda. Ulisema mambo mawili. La kwanza lilikuwa dardaaran yako, wosia wa mdomo: gereji isiuzwe, Hodan aiendeshe. La pili ulilisema ukicheka, na kicheko kilikuumiza mbavu. Ulisema umeiona njiani, pale Bangale, ile gari yetu. "Imevaa nguo ya punda milia. Na iko na pua juu ya kichwa, wallahi. Na haina sauti kabisa, ni ya umeme, wallahi!"

Gari yetu. Mgeni akisikia angedhani tunamiliki kitu. Kiangazi kizima tulikaa kwenye hoteli ya chai kando ya gereji, wewe, mimi, Yussuf wa duka la dawa na wengine wawili watatu, tukibishana kuhusu toleo jipya la gari dogo la mbio la Ulaya ambalo hakuna hata mmoja wetu angewahi kulikalia. Picha za gari la majaribio zilikuwa zikivuja mitandaoni, limefunikwa kwa plastiki ya michoro myeusi na myeupe ili macho yasishike umbo lake, nasi tukizikuza kwenye simu mpaka zigeuke nukta. Wewe ulishikilia kwamba ni toleo la njia mbaya, lililoinuliwa. Yussuf alikucheka. "Wee Dekow, gari ya mbio ikiinuliwa hiyo si gari, ni ngamia." Ukamjibu bila kuinua macho kwenye simu, "Na ngamia imekukosea nini?"

Ijumaa ya wiki ile hukuifikia. Tulikuzika, matanga yakapita, na familia ikakaa kikao kuhusu neno lako. Mimi niliitwa kwa sababu nilikuwepo uliposema.

Ibrahim hakuwa mbaya, Dekow. Nataka ulijue hilo kwanza. Alikuwepo mtu aliyetaka kiwanja ajenge duka la saruji na mabati, lakini si tamaa iliyomsumbua ndugu yako. Alisema, "Mimi sivunji neno la kaka yangu. Lakini kwa mdomo ule ule alisema ameona gari la mbio limevaa nguo, Bangale. Mimi ndiye nilikuwa naendesha. Tulisimama pale injini ipoe. Hakukuwa na gari. Neno la homa si neno lake." Sheikh naye alieleza kwamba aliyepotewa na akili hana wosia. Hodan akasema, "Adeer, Aabo alijua spana zake zote mpaka siku ya mwisho." Ibrahim akamwita adeer pia, kama mnavyoitana nyinyi ami na mtoto wa ndugu, na sauti yake ilikuwa ya huruma. "Kujua spana si akili, adeer. Ni mazoea ya mkono."

Basi mambo yakawa hivyo. Kama gari lilikuwepo, ulikuwa na akili zako na gereji ilikuwa ya Hodan kuiendesha. Kama halikuwepo, ulikuwa unaweweseka, na kila ulichosema kitandani kilikwenda na maji. Hata salamu ulizotuachia. Nilikuwa na shahidi mmoja, mgonjwa, na huyo hakuwa tena wa kuulizwa.

Kisha Yussuf akaleta picha mpya hotelini. Ilikuwa imevuja kama zile nyingine, bila kusema imepigwa wapi. Gari lenye michoro, limesimama juu ya vumbi, na paani, chini ya plastiki, nundu. Kelele ilianza kabla chai haijapoa. Mmoja alisema nundu ni taa. Mwingine akasema ni mahali pa kubebea mizigo. Yussuf alikuwa amehamia upande wako kimyakimya na sasa alitetea kuinuliwa kwa gari kana kwamba alizaliwa nako. Walibishana kuhusu breki, kuhusu matairi, kuhusu mabomba mawili ya moshi katikati. Ungefurahi. Kiti chako kilikuwa kitupu na hakuna aliyekivuta.

Mimi magari siyajui sana, unajua. Nilikuwa nakuja kwa ajili ya kelele. Kwa hiyo nilipopewa simu sikuangalia gari, niliangalia nyuma yake. Palikuwa na kibanda cha vijiti kilichoezekwa turubai, madumu ya manjano yamepangwa kivulini, na kitambaa cha kijani kimefungwa juu ya kijiti ili wenye magari waone kutoka mbali. Nilisema, "Haya ni maziwa ya ngamia ya Bangale. Mimi hununua hapa." Yussuf akachukua simu yake, akatazama, akaiweka mezani taratibu. "Dekow," akasema. Basi.

Kesho yake nilivuka daraja, nikapita Madogo, nikaenda Bangale. Muuza maziwa anaitwa Sahara, ni mama mtu mzima, haogopi swali. Nilimwonyesha picha. Alisema ndiyo, gari hilo lilisimama kwake, na pikapu ya wazungu nyuma yake. Mmoja alionja maziwa akakunja uso kama mtoto anayemeza dawa. Nikamuuliza kwa nini hakumsimulia mtu. Alinitazama kama mgeni. "Gari imefunikwa nguo ya michoro, iko kwa barabara yetu, wewe unaisimulia? Nilijua ni ya askari. Niliangalia chini. Mimi niliona magurudumu tu."

Nilicheka peke yangu nikiandika hayo. Unaikumbuka ile desturi ya huku ambayo hakuna aliyetufundisha na wote tunaijua: gari la serikali likipita limevaa nguo, unakumbuka viatu vyako vinahitaji kutazamwa. Barabara nzima ya watu iliona gari jipya kuliko yote duniani, na barabara nzima ikainamisha macho.

Isipokuwa mmoja. Sahara mwenyewe ndiye aliyesema, sikumuuliza. "Kulikuwa na mzee mgonjwa kwa gari nyeupe, amelala kiti cha nyuma. Yeye ndiye alikuwa anatazama. Alikuwa anacheka. Nilimpelekea kikombe, nikamwambia Allah akuponye, akaniambia, mama, tazama, tazama, iko na pua kichwani."

Hapo nilirudisha kalamu mfukoni. Jua lilikuwa kali.

Nilirudi kwa Ibrahim na picha na maneno ya Sahara, nikamsomea yote bila kuongeza chumvi. Kisha akasema, "Niliona kitu. Nilikuwa nimefungua boneti, nikaona nguo ya jeshi upande ule, nikainama kwenye injini mpaka waondoke. Kaka alikuwa ananiita, Ibrahim, geuka. Sikugeuka." Akafuta uso kwa ncha ya macawiis yake, shuka lile la kijani ulilomnunulia wewe. "Niliposema hakukuwa na gari, nilidhani nasema kweli."

Aliwaita wote tena, mbele ya sheikh, akalisema jambo lile lile kwa sauti. Halafu akamgeukia Hodan. "Adeer, funguo ziko wapi? Kwako? Basi zikae hapo." Mwenye saruji amepata kiwanja kwingine. Na siku ile nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu ufe. Nilikuwa nimebeba wazo kwamba mtu niliyeagana naye hakuwa wewe. Kumbe alikuwa wewe, mzima, unatucheka.

Wiki hii gari limezinduliwa. Tulitazama kwenye simu ya Yussuf, tumebanana. Limeinuliwa, kama ulivyosema. Na ile nundu ya paani ni njia ya hewa ya injini, imewekwa juu ili isivute vumbi. Pua, Dekow. Juu ya kichwa. Hoteli nzima ilipiga kelele mpaka Hodan akatoka gerejini na spana mkononi kuuliza nani amekufa, kisha akaona tunachotazama, akakaa kwenye kiti chako, akaomba chai.

Kwa haki lazima niandike pia ulipokosea. Ulisema halina sauti, ukaapa ni la umeme. Si la umeme. Linanguruma vibaya sana. Ulipoliona lilikuwa limezimwa tu. Yussuf ameniomba nikufikishie hilo kwa msisitizo.

Sasa nakuacha upumzike. Allah akupe kivuli kipana. Gereji nitaipitia kila asubuhi, ingawa Hodan hahitaji mlinzi. Na ahadi yangu ni hii. Nikiwa barabarani na kitu kilichofunikwa kikapita, na watu wote wakainamisha macho, mimi nitageuka. Nitatazama kwa niaba yako, kisha nitakuja kukuambia kina pua ngapi.

Rafiki yako, ripota.