Mvinyo Uliokimbiwa na Mwenyewe

Mtoni, Temeke
Jumatatu jioni

Dada yangu Marietha,

Shikamoo. Habari za hapo Hombolo, habari za shemeji na goti lake, habari za mizabibu? Redioni tunasikia mvua zimewachezea, lakini wewe tangu utotoni hukuwa mtu wa kushindwa na wingu. Mie mzima, isipokuwa tumbo, na habari za tumbo utazikuta mbele.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ninayo, tena kubwa kuliko ya diwani. Soma tu, ila soma ukiwa umekaa. Nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi.

Kazi yangu unaijua, ingawa shemeji husema si kazi. Kila Jumamosi gazeti la michezo linatoa safu yangu ya mvinyo, katikati ya matokeo ya mpira na matangazo ya waganga, na mabaa kuanzia Mtoni mpaka Mbagala hayaagizi chupa kabla ya kujua Petro kasemaje. Nikiingia, mwenye baa anafuta kiti kwa shati lake. Darasa la saba hilo, dada, na wenye digrii wananiita mwalimu. Nilipokwenda Afrika Kusini, wazungu walinifunga kitambaa machoni wakanipa glasi. Nikawaambia zabibu hizi zimeota kilimani, upande wa jua la jioni, na kuna mbwa kilema anaukojolea mzabibu wa pembeni. Wakaenda kuangalia. Wakamkuta mbwa anachechemea.

Lakini usidhani ni raha. Kazi hii ni kinyaa mwanzo mwisho. Juzi hapa nilionjeshwa mvinyo unaonuka soksi za mgambo. Kimbiji, kwenye hoteli ya makuti, wakaniletea uliokaa juani karibu na beseni la pweza. Nikaumwaga mchangani, hata nzi hawakuusogelea. Tajiri mmoja wa Kinondoni akafungua chupa ya bei mbaya, akaichanganya na soda ya chungwa, akatia na barafu yenye unywele ndani. Halafu kuna ndoo. Sie waonjaji hatumezi, tunasukutua na kutema, na ndoo ni moja kwa watu wote. Inazungushwa meza kwa meza, inakufikia imejaa mate mekundu ya watu usiowajua, na wewe unatakiwa uinamie na utabasamu. Nilikuwaga napenda maharage. Siku hizi nikiona mchuzi wake tu, nasukuma sahani.

Sasa nije kwa mwanao Anastasia. Zabibu zako zote za msimu huu alizisindika kule Kinyerezi, kwenye nyumba aliyopanga karibu na mitambo ya gesi. Mnunuzi wa maana alikuwa mmoja tu, Mama Lulu, mwenye mabaa yanayojaa huku Temeke. Huyo alisema atachukua mzigo wote, ila Petro aonje kwanza na aandike. Nikamwambia mpwa wangu alale usingizi, hiyo imekwisha.

Alhamisi mchana tukakaa barazani kwa Mama Lulu, wateja wametuzunguka. Anastasia akafungua chupa, akatumiminia, halafu akarudi nyuma na kujiziba pua kwa ncha ya khanga. Nikamwambia atangulie. Unajua desturi yetu: aliyepika ndiye anayeonja wa kwanza, mgeni aone, roho itulie. Akasema mjomba, nyie kunyweni tu, mie leo siwezi. Nikamuuliza tangu lini mpishi akaziba pua mbele ya chungu chake. Watu wakacheka, mie nikakazia. Basi akaichukua glasi, akaifikisha mdomoni, na uso wake, dada, ukakunjamana kama aliyefunua mboga iliyochacha. Akaiweka chini, akatoka mbio.

Mama Lulu akaisukuma glasi yake bila kuigusa. Mlevi mmoja akasema ikiwa mama mzazi anamkimbia mtoto, sie majirani tutamnyonyesha vipi. Mie nikasukutua, nikatema, nikatangaza kwamba mvinyo huu unanuka yai viza. Jumamosi gazeti likatoka, na kichwa cha safu kilikuwa hiki: mvinyo uliokimbiwa na mwenyewe. Jina sikulitaja, lakini Temeke nzima ilijua. Mama Lulu akampigia simu binti yetu kumwambia asilete hata chupa moja.

Jana nikaenda Kinyerezi kumpa maneno yake, aliyeniaibisha mbele za watu. Mlango ukafunguliwa na jirani yake, Shamimu, mwanamke ambaye mdomo wake haujui mkubwa wala mdogo. Akanipa shikamoo kwanza, kisha akasema kumbe ndiyo hii pua ya taifa. Akaniuliza inakuwaje mtu ananusa mbwa wa Makaburu, halafu mimba ya mpwa wake aliyesimama mbele yake haimfikii puani. Akasema mtoto wa watu sabuni ya kufulia inamtapisha, kitunguu kikikaangwa nyumba ya pili anakimbilia chooni, na mvinyo wake alikuwa akiuonja kila siku mpaka hali hiyo ilipomwanza.

Ndiyo hivyo, dada. Anastasia ni mjamzito. Nilimkuta kitandani, amegeukia ukutani, gazeti langu liko sakafuni. Baba wa mtoto ni Mashaka, fundi mabomba wa hapo mitamboni, nimemwona, mpole mpaka anaudhi. Ameniapia kwamba wazee wake watakuja Hombolo. Anastasia ndiye aliyeniomba nikuandikie, maana kwa simu utapiga yowe na mtaa mzima ujue kabla hujakata.

Na mie nina langu la kukwambia, ambalo hakuna chuo kinachofundisha. Ulimi wangu hautofautishi mvinyo na siki. Yote inanichefua, tangu glasi ya kwanza niliyopewa. Ninachoonja mie ni uso. Mwenye mvinyo mbaya huwahi kutabasamu kabla haujamfika kooni. Mwenye mzuri husahau kama watu wapo. Kwa njia hiyo sijawahi kukosea, na hao wenye vyeti wanakosea kila wiki. Na yule mbwa wa Afrika Kusini nilimwona mwenyewe shambani, kabla hawajanifunga kitambaa. Safari hii uso niliuona kwa macho yangu, nikaandika nilichoona. Lakini zabibu ni zako, na jasho ni la mtoto, na usiku kucha nilikuwa naligeuza godoro.

Leo asubuhi nikaingia kwa Mama Lulu na chupa kwapani. Nikamwambia mpishi anaumwa, na mjomba ni mzazi, kwa hiyo mie ndiye natangulia kwa niaba yake. Akaniangalia. Akasema sawa, glasi nzima, tena umeze, na mie nakutazama usoni. Kumbe na yeye tumesoma darasa moja.

Nikanywa. Ulipita kooni kama konokono. Tumbo likaurudisha juu, nikaumeza mara ya pili, na ile ya pili, dada, sikutakii. Nikafikiria vidole vyako vilivyochanika mavuno ya mwaka juzi, uso ukatulia. Nikageuza glasi kumwonyesha imekauka. Mama Lulu hakupepesa jicho. Akajimiminia ya kwake, akanywa, akasahau kama nipo. Kisha akauliza mzigo unaletwa lini.

Nikamwambia kesho. Halafu nikaenda nyuma ya kreti za soda nikatapika mpaka chai ya asubuhi.

Jumamosi naandika upya, na nitaandika kwamba ni mtamu, maana uso wa Mama Lulu sina sababu ya kuutilia shaka. Mtoto usimpigie kelele, ana kelele za kutosha tumboni. Msalimie shemeji, umwambie isiyo kazi ndiyo iliyomuuzia zabibu. Nyote muwe na afya, mizabibu nayo isiwe na wadudu.

Mdogo wako wa tumbo moja,

Petro