Jibini la Mchokozi

Mikumi, 11 Machi 1973

Mke wangu Bibi Verdiana,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na magoti yako. Mbuzi wako Mchokozi naye hajambo?

Hapa hotelini mpishi mkubwa amerudi kwao Ulaya, ile ya wazungu, siyo hicho kijiji cha Ulaya cha jirani zako. Meneja anataka siku ya Pasaka nimpikie jibini la mbuzi, wageni wanalipenda mno. Akiridhika, napewa jiko (la kupikia, usione wivu). Asiporidhika, narudi kusugua masufuria. Nakuomba maziwa ya Mchokozi. Mjomba Gabrieli atayabeba kwenye lori.

Mjukuu na mume wako,
Theodory

Zombo, 19 Machi 1973

Mume wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila usingizi umetutoka. Katekista Oswald alinisomea barua yako mbele ya watu, nikasikia unawapikia wageni jini la mbuzi, na meneja atalila Pasaka! Ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kufuga jini, sembuse kulikaanga. Mchokozi tumemnyunyizia maji ya baraka. Ameyalamba. Acha kazi hiyo, urudi kulima.

Bibi yako

(Mimi mwandishi, Oswald, nilisoma kama ilivyoandikwa. Miwani yangu ina ufa kidogo tu.)

Mikumi, 27 Machi 1973

Mke wangu,

Shikamoo. Katekista naye mpe shikamoo yake. JIBINI, bibi! Ji-bi-ni! Ni maziwa tu. Unayapasha moto, unakamulia limau, yanakatika. Unayafunga kitambaani, unayatundika yachuje maji, unatia chumvi. Kipande hicho nimepewa na mgeni, nakutumia kwa mjomba. Kikaange kwa kitunguu na nyanya, changanya na mboga yoyote ya majani.

Nionee huruma. Masufuria ya hapa ni makubwa, nikiyasugua naingia mpaka kiunoni.

Mumeo,
Theodory

Zombo, 5 Aprili 1973

Mume wangu,

Marahaba. Magoti hayajambo. Nimelikaanga na majani ya maboga. Nilionja kwa ncha ya ulimi huku nikisali, kisha nikafunga mlango nile peke yangu. Tatizo harufu haijui mlango. Mwenyekiti wa kijiji aliingia na kijiko chake mkononi. Alikula, akafuta kikaango kwa ugali, kesho yake akatangaza mkutanoni kwamba maziwa ya Mchokozi ni ya kijiji kizima, ujamaa ndio huo. Nimelia, mume wangu. Sina cha kukupa.

Bibi yako

(Mimi Oswald nimeonja. Ni jibini, nathibitisha.)

Zombo, 18 Aprili 1973

Mume wangu,

U mzima? Hukujibu, nikajua umeshazama kwenye sufuria. Leo ananiandikia dada yako Regina, maana Oswald haifai aione barua hii.

Mjomba anakuletea jibini madonge mawili, nimelitengeneza kwa mkono wangu. Mwenyekiti alipokuja na ndoo kumkamua Mchokozi, wanakijiji na Oswald wakimfuata, nilimwambia, “Karibu, ila kumbuka katekista alisoma mbele yetu sote kwamba mbuzi huyu ana jini. Au mnataka kusema katekista hajui kusoma?” Watu wote wakamgeukia Oswald. Akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena, kisha akasema alisoma sawasawa. Mwenyekiti, aliyekwisha kula, akashika tumbo akaondoka mbio. Ndoo aliiacha. Ndoo nzuri, ndiyo ninayokamulia.

Nakupenda, mume wangu. Kapike, uchukue jiko lako. Ila meneja akikuuliza jina la chakula, mtajie polepole.

Ndimi bibi yako,
mke mkubwa