Pumzi Niliyompa Ibraimo

Palma,
Agosti 1967.

Mpendwa Mjomba Atumane,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii kwa sababu marehemu mama, dada yako, alinilea vizuri. Ingekuwa moyo wangu ndio unaoshika kalamu, ningeanza na mengine. Natumai u mzima huko Mikindani, na mguu wako uliokuwa ukivimba umetulia. Mke wako, Bi Zainabo, naye hajambo? Sisi huku tuko salama kwa kadiri vita vinavyoturuhusu, yaani tunalala tumevaa nguo za safari.

Nikisema sisi, nasema mimi na binti yangu Chamima tu. Mume wangu Amade amehamia kwa mama yake tangu barua yako ilipomfikia. Amebeba mkeka, amebeba nyavu, hata taa amechukua. Anasema anangoja neno lako la mwisho, kwa kuwa wewe ndiye uliyeipokea posa yangu. Ukimwandikia aniache, ataniacha. Basi safari hii nisikilize kwanza, maana ile ya mwanzo uliandika bila kumuuliza mtu.

Umemwambia Amade kwamba nilimwinamia mwanao Ibraimo ufukweni, mbele za watu, nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wake. Kweli, niliuweka. Sijui nani alikuvushia habari hizo mto Rovuma, ila naona alikuletea kipande kilichompendeza, kingine akakiacha huku. Mimi nakupa habari nzima.

Tulikuwa tunatoka kisiwani Macaloe kwa mtumbwi, tumepakia samaki wakavu. Boti ya askari wa Kireno ikaja kwa kasi. Hawakupiga risasi. Walitupitia karibu makusudi, huku wanacheka, na mawimbi yao yakatupindua. Wengine tuliudaka mtumbwi, lakini Ibraimo alinaswa miguu na wavu wetu wenyewe. Mpaka nahodha wetu, Mzee Rachide, akate ule wavu na kumvuta nchi kavu, midomo ya mwanao ilikuwa imegeuka rangi na kifua kimetulia tuli.

Wanaume walifanya wanayoyajua. Wakambeba kichwa chini miguu juu, mmoja akakimbia naye mchangani kama anayekung'uta gunia. Maji yakatoka kidogo, pumzi haikurudi. Wakamlaza. Mzee Rachide akavua shuka lake, akamfunika uso.

Mimi nilijua la kufanya. Nikalifunua lile shuka, nikawaambia apuliziwe hewa mdomoni upesi, mmoja wao apulize na mimi nisimame kando nimwelekeze. Heshima yangu naijua, Mjomba. Niliwaomba wao kwanza, na yeyote aliyekupelekea maneno, kama aliona, basi na hayo aliyasikia. Wakatazamana. Hakuna aliyepiga goti.

"Maiti hapuliziwi, mwanangu," Mzee Rachide akaniambia. "Mwache apumzike."

"Basi nitampulizia mimi," nikasema, "na atakayenizuia atamjibu baba yake."

Baba yake ni wewe. Jina lako ndilo lililowafanya wanipishe.

Nikamtia kidole kinywani, nikatoa mchanga na mwani. Nikamlaza kichwa nyuma, kidevu juu, nikamziba pua, nikapuliza mpaka nikaona kifua kimeinuka. Nikakiacha kishuke, nikapuliza tena. Mdomo ulikuwa baridi, una chumvi na matapishi. Nakueleza ili ujue ni raha gani niliyoifuata pale. Nyuma yangu mtu alishaanza kusoma Yasini. Kichwa kilinizunguka na nilikuwa nimekaribia kukata tamaa alipokohoa, akanitapikia shingoni, akavuta pumzi ambayo kila mtu aliisikia. Nikamgeuza ubavu asisongwe na matapishi. Kisha nikakaa mchangani nikalia.

Hiyo ndiyo aibu yangu. Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kumweleza, naye hakuona kosa. Lakini Amade anakusikia wewe kuliko mwalimu, na watu wa Amade wanakusikia zaidi, kwa sababu unawatumia sabuni na khanga.

Lingine lililoniudhi, na hili sitalisahau. Uliuliza katika barua yako, hata kama ni kweli nilikuwa namtibu, mke wa mvuvi amejifunza wapi kazi za hospitali. Shemeji yangu aliisoma barua hiyo barazani kwa sauti. Kesho yake sipai wa administrador, yaani askari wa mkuu wa Kireno wa hapa mjini, alikuwa mlangoni kwangu na swali hilo hilo. Nikamdanganya kwamba nilimwona mkunga akimpulizia mtoto aliyezaliwa kimya. Aliondoka, lakini bado anapitapita. Wewe uko Tanzania, unalala fofofo. Hujui huku watu wanachukuliwa kwa swali dogo kuliko hilo.

Sasa kwa kuwa barua hii haipiti posta, nakujibu. Nilipeleka chumvi bara, kwa vijana wetu walioko msituni wakipigana na Wareno, na huko binti mmoja wa Kimakonde, muuguzi, akatufundisha. Tulijifunzia kwenye gunia la majani lililofungwa kibuyu badala ya kichwa. Tulicheka sana. Sikujua kibuyu changu kitakuja kuwa binamu yangu. Ukimaliza kusoma, ichome karatasi hii, na safari hii uufunge mdomo wako.

Nisalimie Bi Zainabo, na umwambie simhesabu katika hasira hizi. Nisalimie pia kaka Selemane na watoto wake. Chamima anamwamkia babu yake.

Bado neno moja. Aliyekukabidhi barua hii ni Ibraimo mwenyewe. Palma hapakaliki tena kwake, kwa ajili ya maneno yako na ya sipai. Nimemwagiza akae mbele yako wakati unasoma, asiseme kitu mpaka umalize. Inua macho umtazame, Mjomba. Tazama shati lake kifuani linavyopanda na kushuka. Kama nilikosa, mwambie yeye, kwa mdomo wako, kwamba nilipaswa kumwacha chini ya shuka la Mzee Rachide. Ukishindwa kumwambia, chukua kalamu umwandikie Amade arudi nyumbani.

Mungu akuzidishie umri, na pumzi za kuumalizia.

Mpwa wako, anayekupenda bado, ingawa leo kwa shida,

Saquina