Tarehe za Midomo-njano

Jumatatu, 3 Septemba 1962. Helvili, Nosy Be

Kurasa tisa leo. Herufi "e" ya taipureta imeanza tena kukwama, na Kifaransa bila "e" si Kifaransa. Joto. Harufu ya mlangilangi kutoka kiwandani imeingia mpaka kwenye chai.

Daktari, msomi wa Kifaransa ninayempigia chapa kitabu chake cha ndege, hajui kukaanga hata yai, lakini ndege anawajua. Leo nimepiga chapa sura nzima juu ya kiangazi. Anasema kwetu Mahajanga mvua zikikatika Aprili, wadudu wanakwisha, na ndege mla wadudu ana mawili: avuke bahari kwenda bara, au afe. Waliobaki walikufa bila kuacha watoto. Waliovuka walirudi na mvua, wakazaa. Maelfu ya miaka hivyo hivyo, mpaka safari ikaingia damuni. Sasa kinda aliyezaliwa juzi anaondoka mwenyewe, hata bila kuonyeshwa njia. Anadhani kiangazi chetu kingekuwa kifupi kama cha hapa Nosy Be, pengine wasingehama kamwe.

Baba husema karibu hayo hayo akiwa kwenye cherehani, ila kwa makelele zaidi.

Alhamisi, 6 Septemba

Nimefungua mdomo wangu. Daktari alikuwa analalamika kwamba hajui kama ndege huitwa na mvua yenyewe, au wana kalenda yao mwilini. Anahitaji mtu aliyeandika mwaka baada ya mwaka siku walipoingia na siku mvua ya kwanza iliponyesha. Mtu huyo, anasema, hayupo kisiwa kizima.

Nikamwambia yupo. Ni baba yangu, fundi cherehani wa Mahabibo, mtaani kwetu Mahajanga.

Kila mwaka joto likianza, Baba anaacha kanzu za watu nusu nusu, anakwenda kijijini Boanamary kwa Shangazi, anakaa akitazama minazi iliyokufa. Anawasubiri midomo-njano. Ndege wa kahawia, mdomo wa manjano, kelele kama wauza samaki. Wakiingia anaandika. Mvua ikinyesha anaandika. Miaka ishirini sasa. Wateja wanamtukana. Mama naye, Mungu amrehemu, alikuwa akimtukana.

Anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alivyojifunza Unguja ujanani, akanifundisha na mimi. Hapa Kifaransa ni cha ofisini, Kimalagasi cha sokoni, Kingazija cha jikoni kwetu. Kiswahili kimenibakia cha kuandikia mambo nisiyotaka yasomwe.

Ijumaa, 14 Septemba

Madaftari niliyomwomba Baba yamefika. Ali, mdogo wangu, kampa baharia wa meli ya pwani. Kumi na moja, yamefungwa kwa kitambaa cha kanzu. Baba ametia karatasi: "Usiyapoteze. Usiyatie mafuta. Mwambie huyo Mfaransa sijawahi kukosea kipimo wala tarehe." Maringo!

Hayana mpangilio. Baba haandiki mwaka kwa tarakimu. Anaandika "mwaka wa kimbunga", "mwaka Ali alipovunjika mkono". Miezi ni yetu ya Kiislamu. Daktari anaondoka Jumatatu kwenda Mahajanga na anaitaka orodha kabla ya hapo, kwa miezi ya Kizungu.

Jumapili, 16 Septemba

Nimemaliza. Mgongo unaniuma. Nimeitumia kalenda ya ukutani ya duka la Karana, Mhindi wa hapa, ile yenye miezi yetu kando ya miezi ya Kifaransa. Mfungo Mosi ni Machi. Mfungo Tano ni Julai. Rahisi, daftari baada ya daftari. Tarehe zimetawanyika, nyingine Machi, nyingine Juni. Nilishangaa kidogo. Halafu nikasema Daktari ndiye mtaalamu, mimi mpiga chapa tu.

Orodha imetoka safi, haina hata kosa moja la herufi. Najisikia fahari.

Jumanne, 25 Septemba

Daktari amerudi. Ameiweka orodha mezani kwangu, akacheka. Si kwa ubaya. Kasema mzee wangu ana hekaya nzuri, ila hakuna ndege duniani anayeingia mwezi wowote anaojisikia. Kasema alimtembelea dukani akamweleza kwa adabu, Ali akitafsiri.

Nikacheka naye. Nimeaibika mpaka masikioni, na bado nikacheka. Kisha nikamkasirikia Baba. Miaka ishirini ya kuwaacha watu bila nguo za Idi, kumbe alikuwa anaota jua tu.

Jumatano, 10 Oktoba

Barua ya Ali. Nimeisoma mara tatu.

Baba hakwenda Boanamary mwaka huu. Shangazi alimtengea kitanda, hakutokea. Siku ile Daktari alipofika, Baba alibisha kweli kweli, alipiga meza mpaka pini zikamwagika. Akasema midomo-njano Machi hawaingii, Machi wanaondoka, hata mbuzi anajua. Akataka aambiwe orodha imeandikwa na nani. Ali akamwambia, ni Dada Echati. Baba akaanza kuokota pini. Baadaye akasema: "Basi ndivyo. Mtoto amesoma. Labda mimi ndiye niliyeandika vibaya." Tangu hapo anakata vitambaa tu. Wateja wanafurahi, kanzu zinatoka kwa wakati.



Ijumaa, 12 Oktoba

Ya Rabi, nimefanya nini.

Baada ya sala nilifungua daftari la mwaka aliofariki Mama. Nilitaka tu kuona mwandiko. Baba ameandika: "Mfungo Tano, siku ya ishirini. Tumemzika. Midomo-njano wameingia, wamepita juu ya makaburi. Mvua ya kwanza, tukiwa bado tunafukia." Nikatazama orodha yangu. Julai.

Lini mvua imenyesha Mahajanga Julai? Nilikuwepo. Viatu vyangu viliingia tope jekundu, na ilikuwa Oktoba, wiki ya kwanza ya shule.

Mwezi wetu unarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Mtoto wa madrasa anajua. Mimi niliyefunga Ramadhani za kiangazi na Ramadhani za masika, nimechukua kalenda ya mwaka mmoja nikaivisha miaka ishirini. Kwa sababu ilikuwa inaning'inia pale. Kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Baba angeyashika madaftari yake angeliona kosa kwa dakika moja. Yalikuwa kwangu, kabatini.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimefanya hesabu upya kutwa nzima, mwaka mmoja mmoja. Kimbunga najua mwaka wake. Mkono wa Ali najua mwaka wake. Tarehe za kuingia zote, zote zimeangukia ndani ya wiki mbili zile zile za Oktoba. Ishirini. Hakuna hata moja nje.

Nimempelekea Daktari nyumbani kwake, nikamwambia kosa ni langu. Alisoma amesimama. Halafu akakaa. Mwaka mmoja mvua ilikuja mapema, mwaka mwingine ilichelewa mpaka Desemba watu wakasali sala ya kuomba mvua, na midomo-njano wakaingia siku zile zile. Kwa hiyo si mvua ya mwaka wenyewe inayowaita, kasema. Mvua za zamani ndizo zilizowachagua. Waliokuwa na saa mbovu walifika hakuna kumbikumbi wa kulisha makinda, wakaisha. Waliobaki wana saa nzuri. Alikuwa anasema peke yake, macho yanang'aa. Kasema jina la Baba litawekwa ukurasa wa kwanza.

Sikufurahi. Nataka Baba ajue, basi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimekwenda posta. Nimejaza fomu ya simu ya maandishi: "Baba tarehe zako sahihi kosa ni langu Echati." Maneno manane.

Karani wa hapa ni jirani. Na huko Mahajanga simu husomwa kwa sauti kaunta nzima ikisikia, Mahabibo wangejua kabla ya Baba. Binti wa fundi, msomi wa Nosy Be, hajui kuhesabu miezi ya dini yake. Nimeichana fomu. Nimejiambia jambo kama hili husemwa ana kwa ana, ndiyo heshima. Uongo. Niliogopa kuchekwa.

Meli ipo Ijumaa.

Ijumaa, 19 Oktoba

Melini. Madaftari nimeyapakata. Abiria wengi, mbuzi wawili. Nimejifunza maneno ya kumwambia Baba, nayasahau, nayajifunza tena.

Jumapili, 21 Oktoba. Mahajanga

Ali alikuwa bandarini, na sura yake ilitosha. Kiharusi, Alhamisi asubuhi, Baba akiwa anatia uzi kwenye sindano. Upande wa kushoto umekufa. Hasemi.

Tumepitia mtaa wa Tsaramandroso. Midomo-njano walikuwa juu ya nyaya za umeme, sita au saba, wanagombana. Wameshaingia. Ali hakuwatazama. Mimi nilitazama chini.

Jumatatu, 22 Oktoba

Nimemwambia. Nilipiga magoti kitandani pake, nikamfungulia daftari, nikamwonyesha kila mwaka kwa kidole. Nikamwambia hukukosea hata mara moja, Baba. Nilikosea mimi. Nilitumia kalenda ya dukani. Nikamwambia yule Mfaransa amekubali, ataliandika jina lako. Nilirudia kwa Kingazija, kisha kwa Kiswahili, nisijue lugha gani imebaki mle ndani.

Aliniangalia. Jicho la kushoto lilitoka machozi. Lakini mwuguzi amesema jicho hilo hutoka machozi lenyewe tangu kiharusi. Kwa hiyo sijui.

Jumanne, 23 Oktoba

Nimemwambia tena. Alikuwa amelala, au amefumba macho tu. Ali kasema nimwache apumzike. Nimemwuliza Ali kama Jumatano iliyopita Baba alikuwa anasikia vizuri. Kasema alikuwa mzima kabisa, Jumatano alimfukuza mteja.

Simu ya Jumatatu ingefika Jumatano. Maneno manane.

Jumatano, 24 Oktoba

Baba amefariki alfajiri. Inna lillahi. Tumemzika baada ya adhuhuri.

Jumamosi, 27 Oktoba

Hitima imesomwa. Nyumba imejaa wanawake, sufuria za watu, watoto wa watu. Wote wananipa pole, wananisifu kwa kuja kwa wakati. Binti mwema, wanasema, kamkuta baba yake hai. Natamani kumkaba mtu. Shangazi peke yake hakusema hivyo. Amenishika mkono, akaniuliza Baba alikasirikia nini mwaka huu hata asije Boanamary. Nimemweleza yote, kosa na posta. Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kahawa imekwisha, akanyanyuka kwenda kuipika. Hakunifariji na hakunilaumu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nitamlea mimi mwenyewe.

Jumamosi, 3 Novemba

Barua ya Daktari. Pole nyingi, kwa moyo mzuri, ameandika kwa mkono wake. Chini ameuliza jambo moja. Orodha inakwenda kwa wapiga chapa, na anataka kuifunga kwa mwaka huu, mwaka wa ishirini na moja. Midomo-njano wameingia Boanamary tarehe ngapi? Na mvua?

Mvua bado.

Nimemwuliza Shangazi. Kasema aliwasikia, ndiyo, siku fulani anapepeta mchele. Labda Jumanne. Labda ile Jumanne ya kabla yake. Hakushika, kazi ya kushika ilikuwa ya kaka yake. Nimeuliza majirani zake wawili watatu. Waliwaona wamejaa minazini. Lini? Wakanicheka kidogo, kwa upole, kama walivyokuwa wakimcheka yeye.

Ali kasema niandike siku yoyote ya katikati ya Oktoba. Nani atajua? Na kweli hakuna atakayejua. Hata Daktari angefurahi. Tarehe nane, tarehe kumi, ingekaa pale pamoja na zile ishirini na isingeonekana tofauti.

Nimekaa na karatasi tangu asubuhi. Sasa nimemwandikia Daktari hivi: mwaka 1962 hakuna tarehe, kwa sababu hakuna aliyetazama.

Ali ameniuliza kama nitakula. Nimesema ndiyo.