Sabuni Iliyonuka Kondoo

Mjukuu wangu Sadia,

Pokea salamu zetu za Koboko. Sisi wazima. Mama yako amevuna simsim shambani kule Lurujo, na babu anakuulizia kila asubuhi.

Unauliza kama utie lanolini, yale mafuta ya sufu ya kondoo, katika sabuni unayopika. Tia, lakini kidogo.

Tuliporudi kutoka Sudan nilikuwa nimeolewa juzi tu. Nilisikia lanolini inalainisha ngozi, nikanunua kopo sokoni Arua, nikalimimina lote sufuriani. Siku wageni walipokuja kumposa wifi yangu, niliweka sabuni yangu kando ya beseni, nimejaa majivuno. Ikawanata mikononi. Mzee wao akanusa vidole.

"Hii nyumba mnaoga na kondoo?" akauliza.

Wenzake wakacheka. Wifi yangu akainamisha uso. Mimi nikakimbilia jikoni, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama mkwe wangu akaichukua ile sabuni, akanawa hadi viwiko mbele yao. "Mikono yangu iko laini," akasema. "Leteni chakula."

Kicheko kikaisha. Wakala, na posa ikapokelewa. Yeye alikula kwa mikono ile ile inayonuka, bila kukunja uso. Nilipomletea maji ya kunawa baada ya chakula, sikuweza kumtazama. Machozi yangu yalidondoka ndani ya beseni.

"Kesho weka kidogo tu," akaninong'oneza.

Mimi bibi yako, nikikuombea heri.